Lita Tatu za Baba

Mwaka ule baba yangu alipotakiwa kunywa lita tatu za maji kila siku, nilikuwa namkosea adabu kila Jumamosi. Nilikuwa nikishuka basi njia panda kabla ya saa tatu asubuhi, nikitokea Kasulu, napita kati ya migomba hadi uani, na kabla sijamaliza kumwamkia nilishaanza kumhoji. Umekunywa? Kiasi gani? Na jana je? Yeye alikuwa amekaa upenuni kwenye kiti chake cha kamba, koti limefungwa vifungo vyote kwa sababu asubuhi za kwetu zina baridi, ananitazama kwa upole ulioniudhi. Nikishamaliza kufoka, ananiuliza wanafunzi wangu wanaendeleaje.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimefundisha sayansi kwa miaka mingi hadi siku hizi nawasemesha hata watu wazima kwa sauti ya darasani. Mume wangu ameshazoea. Baba hakuzoea, alivumilia tu, na leo nikikumbuka uvumilivu ule naona aibu. Halafu natamani nirudishiwe Jumamosi moja tu nimkosee tena.

Ugonjwa ulianza kwa maumivu ya mgongo, na mkulima wa miaka sabini na kitu akisema mgongo unamuuma hakuna anayeshtuka. Alikuwa amelima maharage na mihogo upande wetu huu wa Nyakitonto tangu alipovuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana. Hapa ndipo alipooa, ndipo alipomzika mama, na uraia alikuja kuupata akiwa tayari ana wajukuu. Kila mtu alijua kwa nini mgongo unamuuma, au alidhani anajua. Tulimsugua kwa mawese ya moto. Tulimnunulia dukani vidonge vya maumivu, na daktari alikuja kutuambia baadaye kwamba vidonge vile vilikuwa vinamharibia figo. Akapungua mwili, akawa anahema akipanda kile kilima kidogo cha kutoka bondeni. Siku moja aliinua debe la maharage, akatoa sauti fupi, akalirudisha chini polepole, akakaa juu yake. Kusimama mwenyewe hakuweza.

Kabanga, kwenye hospitali ya misheni, walimpima wakaona damu imepungua mno kwa mtu asiyevuja damu popote, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa Mwanza. Tulisafiri kwa basi, yeye dirishani, mto wa pamba mgongoni. Tulipopita Kibondo alinionyesha kilima alipolala siku za kwanza baada ya kuvuka, yeye na kaka yake na mbuzi mmoja. Kakonko alinionyesha mahali alipowahi kufanya kibarua cha kufyatua matofali, sasa pana jengo la ofisi. Sikuwa nimewahi kuyasikia hayo. Nilikuwa nashughulika na barua ya hospitali, naikagua kila baada ya dakika kumi kama vile itatoroka, kwa hiyo nilimsikiliza nusu nusu.

Mwanza walimtoboa mfupa wa nyonga wakachukua uboho, ile nyama laini ya ndani ambako damu hutengenezwa. Wakampiga picha ya kichwa na ya mgongo. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, na alinionyesha kwenye picha matundu madogo meusi, mengi, yaliyotapakaa fuvu zima. Alisema ni mailoma, saratani ya uboho. Mgongo ulikuwa haujachoka kwa jembe. Pingili mbili zilikuwa zimebonyea.

Alitueleza bila kutuficha kitu. Kwa umri wa baba, alisema, hawatamfanyia yale matibabu makali wanayofanyiwa vijana. Yangemuua haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Angepewa vidonge vya kumeza siku nne mfululizo, kisha apumzike wiki sita, kisha tena, na kipimo chake kingepunguzwa kulingana na miaka yake na figo zake. Ugonjwa hautaondoka. Utatulizwa, ili mifupa isiume sana, damu ipande, aweze kukaa na watu wake. Baba aliuliza swali moja tu, kwamba huko kutulia huchukua muda gani. Daktari akasema wengine miaka, wengine miezi. Baba akamshukuru kama mtu aliyeambiwa basi linaondoka saa ngapi.

Kisha daktari akanigeukia mimi. Ugonjwa huu, akasema, unamwaga protini kwenye damu, na protini hiyo huziba figo kama uji mzito unavyoziba chujio. Dawa yake ya kwanza ni maji. Lita tatu kila siku, bila kukosa. Figo zikifa, vidonge tutavisimamisha, na hapo hatutakuwa na la kumfanyia. Nikaitikia kwa kujiamini. Katika yote niliyosikia mle chumbani, hilo la maji ndilo pekee nililoona liko ndani ya uwezo wangu.

Nilikuwa nimesahau baba yangu ni nani. Kwa watu wa rika lake, waliolelewa kwao, mwanamume mzima hanywi maji mbele za watu. Maji ni ya ndama, na ya watoto, na ya mtu aliyeishiwa kabisa. Mgeni anapewa urwarwa, pombe ya ndizi, na kama haipo anaombwa radhi. Utotoni sikumbuki kumwona baba na kikombe cha maji hata mara moja. Alikuwa akirudi shambani jua limemkausha, anaingia ndani, anakaa kidogo, anatoka ameshafuta midomo. Na sasa pombe alikuwa ameambiwa aiache kwa sababu ya vidonge. Wenzake aliokuwa akikaa nao kila jioni kwenye chungu wakaona haya kunywa mbele yake, wakapunguza kuja. Sijui kipi kilimuuma zaidi, mgongo au ile nafasi tupu pale upenuni.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ndiye aliyekuwa akiishi naye. Mdogo wangu anafanya kazi za ujenzi mbali, huja kwa msimu. Kila asubuhi wifi alijaza maji ya kuchemsha kwenye kidumu cha lita tatu kilichowahi kuwa cha mawese, akakiweka ndani karibu na kitanda cha baba pamoja na kikombe. Jioni kidumu kilikuwa kitupu. Tulifurahi wiki mbili nzima, hadi wifi alipoona kwamba mboga za maboga nyuma ya dirisha la baba zimestawi sana, na ilikuwa kiangazi.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Nasema langu kwa sababu nililitangaza kote, hata kwenye ofisi ya walimu. Tumwekee maji kwenye chungu. Chungu kilekile cha pombe, na mirija yake ya tete, kiwekwe katikati pale upenuni, wenzake waitwe. Akiwa na mrija mkononi na watu pembeni atakunywa bila kuona aibu, na wenzake watakuwa wamerudi. Nilipita mwenyewe kuwaomba. Jirani yetu, mzee wa Kiha, fundi seremala aliyefanya urafiki na baba kabla mimi sijazaliwa, alisikiliza mpango wangu, akacheka sana, akasema hajawahi kualikwa kwenye maji. Ila alikuja. Wakaja na wengine wawili. Wa tano alikuwa mwenye duka la njia panda, Mwislamu mwenye ndugu zake Ujiji, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kukaa kwenye duara lile kwa sababu ya kilichokuwemo chunguni. Alikuja na mrija wa plastiki, ule wa soda, kwa kuwa wa tete hakuwa nao.

Jumamosi zile nazikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Moshi wa jikoni ukipita juu ya migomba, harufu ya maharage yanayoanza kuiva, na wazee watano wameinamia chungu cha maji wakizungumza siasa na magonjwa ya mihogo. Maji yaliwalegeza ndimi kama pombe. Mmoja wao alikuwa akiinuka kwenda zake anapepesuka makusudi, wenzake wanamshika mkono, na baba anacheka huku amejishika ubavu kwa sababu kucheka kulimuuma. Wifi alikuwa akijaza chungu asubuhi na kukijaza tena alasiri, lita tano kila mara, na kila mara kinakauka. Nilimpigia simu daktari wa Mwanza nikamweleza. Alicheka, akasema wengine nao waige. Nikajiona mwalimu hasa.

Baada ya mwezi tukampeleka Kabanga kupima damu, na majibu tukamtumia daktari. Alinipigia siku hiyo hiyo, mchana, nikiwa nasahihisha madaftari. Figo zilikuwa zimezidi kuharibika. Akaniuliza kwa upole kama kweli anakunywa. Nikamjibu kwa jeuri kidogo kwamba chungu kinakauka mara mbili kwa siku na mashahidi wapo. Kisha akasema hawezi kumpa mzunguko wa pili wa vidonge namna hiyo. Tumpe wiki tatu. Namba za figo zikishuka tutaendelea. Zikipanda tena, basi, tutamtunza tu nyumbani.

Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikaenda nyumbani siku ya Jumatano, bila taarifa. Sikumkuta baba kwanza, nilimkuta wifi anachambua maharage, na yote nikammwagia yeye. Nilimwambia ananidanganya. Nilimwambia maji anayamwaga ili apumzike kuchemsha. Nikamwambia na maneno mengine ambayo siyaandiki hapa, kwa kuwa tulishasameheana na yeye ana haki ya kutoyaona tena. Hakunijibu kwa ukali. Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa, akasema, "Wifi, kaa hapo mlangoni. Leo usiseme, uangalie tu."

Nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni. Wazee wakaja mmoja mmoja, wakasalimiana kwa kirefu kama kawaida yao. Chungu kikaletwa. Baba akainama kwa shida, akavuta funda moja mbele yao wote, ndilo funda la mwenyeji, la kuonyesha kwamba kilichomo ni salama. Akafuta mrija kwa kiganja, akampa seremala, na wengine wakaingiza ya kwao. Kuanzia hapo alihudumia. Alihakikisha huyu amepata, akamsogezea yule chungu, akauliza habari za mtoto wa huyu. Seremala alipomrudishia mrija aliugusa kwa midomo tu, akampa tena. Wenzake ndio waliokunywa. Walikunywa kama watu walio kazini, kimya kimya, mmoja amelegeza mkanda. Nilihesabu baba kameza mara ngapi. Nilifika nne.

Mwenye duka naye alikuwa akiangalia. Aliweka mrija wake wa plastiki chini, akasema kwa adabu, "Samahanini wazee wangu, mimi mgeni wa mambo haya. Mbona mwenyewe hanywi?"

Seremala aliutoa mrija wake chunguni, ukawa unadondosha matone kwenye goti lake. Kisha mambo yakaanza kutoka, na kila mmoja alikuwa na lake la kueleza. Walikuwa wamesikia kutoka kwangu, kwa mdomo wangu mwenyewe nilipopita kuwaomba, kwamba uhai wa mzee uko kwenye kukimaliza kile chungu. Basi wao walikuwa wakikimaliza. Waliona mwenzao hawezi, wakambebea. Mmoja alikiri kwamba mkewe alishampeleka kupimwa sukari kwa jinsi alivyokuwa akienda haja ndogo.

Baba aliangalia chini. Nilijua bila kuuliza, kwa sababu nimezaliwa na kukulia pale. Mwenyeji hanywi wageni wakiwa wamekaa. Mwenyeji anaonja, kisha anahakikisha. Chungu kikiwa chako, si chako. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu nikiwa napita chini ya mikono ya wazee nikikimbiza kuku, na nilipopanga mpango wangu wa sayansi sikulikumbuka hata kidogo. Nilikuwa nimemwalika baba yangu kwenye kiu, na rafiki zake nikawanywesha dawa yake. Nilitamani kucheka, nikalia. Nililia kwa sauti mbele ya wanaume watano, mwanamke wa miaka hamsini, na wifi akaja akanishika bega, yule niliyemtukana muda mfupi uliopita.

"Mwana wanje," baba aliniambia, akiniita mwanangu kwa Kirundi, "ningewezaje kunywa cha wageni?"

Waliondoka mapema siku ile. Nililala pale, na asubuhi nikawa najiandaa kurudi Kasulu huku nimekata tamaa, ndipo nikasikia mtu anabisha hodi kule mwanzo wa ua, ingawa ua wetu hauna mlango wala geti. Alikuwa seremala. Amevaa koti la kanisani na kofia. Nyuma yake mkewe amejitwika chungu kilichofunikwa jani la mgomba. Hakuingia. Alisubiri hadi baba alipomkaribisha kwa maneno kamili, na baba alichukua muda kuyasema kwa sababu alikuwa bado hajaelewa.

Kwetu chungu kinachotoka nje si sawa na chungu cha nyumbani. Anayekileta ndiye anayeonja. Kilichobaki chote ni cha aliyeletewa, na kukibakiza ni kumwambia mwenzako kwamba zawadi yake haifai. Tena hakuna anayebeba chungu bure. Anayekuja nacho ana ombi, na ukishakunywa umekubali. Seremala aliweka chungu miguuni pa baba, akaonja, akasimama wima, akasema amekuja kuomba msamaha wa mbuzi wake waliokula mihogo ya baba. Mbuzi hao, nilikuja kuambiwa, walikuwa wameshaliwa zamani, hata mimi sikuwa nimeolewa. Baba alimtazama. Nikaona uso wake unabadilika, taratibu, kama mtu anayeamka. Akauchukua mrija. Akasema shauri hilo ni zito na litahitaji siku nzima. Akanywa siku nzima, hadi chungu kikaisha.

Baada ya hapo walipeana zamu. Kila siku mmoja alikuja na chungu chake cha lita tatu kamili, maana wifi aliwapimia vyungu, na kila siku kulikuwa na ombi. Mmoja aliomba chipukizi la mgomba. Mmoja aliomba ampe jina ndama wake. Maombi ya uongo yalipowaishia yakaanza ya kweli. Mmoja aliomba baba amwambie ukweli kuhusu ugomvi wao wa mpaka wa shamba, nani alisogeza jiwe, na baba akakiri kwamba ni yeye. Mwenye duka alileta katoni ya maji ya chupa begani, akaomba afundishwe maneno ya kukabidhi chungu kwa Kirundi. Aliyakosea kila wiki, na sidhani kama hakujua.

Baada ya wiki tatu namba za figo zilishuka. Figo hazikupona, namba zilishuka tu, na ilitosha. Alimeza vidonge vya mzunguko wa pili, na wa tatu, na mingine. Siku zile nne za vidonge alikuwa mchovu na midomo ilimkauka, kisha alikuwa akirudi. Damu ikapanda. Maumivu yakapungua hadi akaweza kutembea na fimbo mpaka njia panda, akakaa dukani asubuhi nzima akisalimia mabasi.

Tulipata mwaka mmoja na miezi mitatu. Huo ndio mwaka niliomjua baba yangu. Nilikuwa naye miaka yote, lakini yeye alikuwa mtu wa shamba na mimi mtu wa haraka. Mwaka ule niliketi kwenye kizingiti cha jikoni nikamsikia akiombwa mambo na akijibu. Nilimsikia akisimulia habari za kaka yake na yule mbuzi, na safari hii nilisikiliza. Nilijua kwamba aliwahi kutaka kuwa katekista wakamkatalia. Nilijua mama alimkataa mara mbili. Wazee wale wakijua nipo walikuwa wakiuliza kwa sauti kubwa kidogo, nadhani kwa ajili yangu. Siwezi kupita kati ya migomba ile sasa bila kusimama kidogo, na napita kila mwezi.

Kisha mfupa wa mkono ukavunjika alipokuwa anavaa koti. Koti tu. Vipimo vikaonyesha ugonjwa umeamka. Daktari alinieleza kwenye simu kwamba vidonge vile vimefika mwisho wa nguvu yake. Ipo sindano, akasema, ya kuchomwa chini ya ngozi kila wiki. Lazima iwe Mwanza. Kwa umri wake na hali yake inaweza kumwongezea miezi, inaweza pia isimwongezee, na ganzi ya miguu inayoletwa na sindano hiyo humchosha mgonjwa mzee. Akasema nimuulize mwenyewe. Nikamwambia tunakubali. Sikumuuliza mtu. Wiki ile nilishatafuta chumba cha kupanga Mwanza karibu na hospitali, nikaandika barua ya likizo bila malipo, nikampigia wifi nikamwambia anifungie nguo za baba, na nikampigia baba nikampa ratiba yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa mwalimu.

Jumamosi nilipofika, kiti chake pale upenuni kilikuwa kitupu. Nikashtuka. Wifi naye hakuwepo, na begi nililoagiza halikuwepo. Wazee hawakuwepo. Nikiwa bado nimesimama pale uani na mkoba begani nikasikia hodi, kule mwanzo wa ua.

Alikuwa baba. Alikuwa ametoka kwa njia ya nyuma, akazunguka shamba zima la migomba kwa fimbo, mkono mmoja umefungwa kwenye kitambaa, ili aingie nyumbani kwake kama mgeni. Amevaa kofia. Wifi alikuwa nyuma yake na chungu kichwani. Nilicheka, nikidhani ni mchezo wao, nikasema karibu Baba. Hakusogea. Ilinibidi nimkaribishe kwa maneno kamili.

Wifi akaniwekea kigoda, nikakaa. Akaweka chungu miguuni pangu. Chungu cha mwisho cha ombi kubwa kuletwa uani pale kabla ya ugonjwa kilikuwa cha posa yangu, na aliyekinywa alikuwa yeye, kwa niaba yangu, huku mimi nimejificha jikoni. Sasa aliinama kwa shida, akaonja funda moja, akaufuta mrija kwenye koti lake, akanielekezea kwa mkono wake mzima. Desturi inataka anayeletewa aulize.

"Umekuja kuomba nini, Baba?"

"Nimekuja kuomba nibaki hapa," akasema. "Mwanza nenda wewe ukawashukuru. Mimi nipewe dawa ya maumivu, na watu wangu. Nimekunywa vyungu vya kila mtu, mwana wanje. Wewe kunywa hiki."

Nikaanza. Nilimweleza habari za sindano, nikamweleza kwamba miezi ni miezi, nikamweleza chumba nilichopata kina dirisha. Nilimuuliza kama amenichoka. Nilimwambia hajui anachosema, kwa sauti ileile ya darasani, na machozi yananitiririka hadi kidevuni. Hakubisha hata neno moja. Alisimama tu, mrija mkononi, ananisikiliza kwa upole wake ule ule.

Nilikuwa nimeandaa na mengine. Ila nikaona magoti yake. Yalikuwa yanatetemeka, na fimbo nayo inatetemeka, na wifi pale nyuma amenyoosha mikono bila kuthubutu kumshika. Anayeleta chungu haketi mpaka mrija upokelewe. Kila neno nililoongeza, nilikuwa namsimamisha.

Nikaupokea. Nikanywa kwa kuvuta sana, hadi pumzi zikaniishia, na nilipoinua kichwa baba alikuwa amekaa.